Jambo Linalovuka Ua

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, asubuhi ya Jumapili moja, mama mkwe alikuja akasimama mlangoni mwa jiko langu, leso yake imelowa umande mpaka magotini. Akaniambia, "Mokamwana, mke wa mwanangu, wanakutaka kule chini mchana."

"Akina nani, mama?"

"Watu wa njia." Akaangalia moto wangu kama unawaka vizuri, kisha akaongeza, "Na mzee naye amekubali."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niweke mwiko chini. Mzee aliyetajwa alikuwa baba mkwe wangu. Kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe huwa na kitu kati yao tunachokiita chinsoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya. Hatupeani mikono. Hatutazamani usoni. Yeye haingii nyumbani mwangu, nami nikimwona anakuja njiani nahama, naingia migombani mpaka apite. Kiswahili kinalo neno soni, lakini la kwetu lina uzito zaidi. Kwa hiyo sikuelewa mzee amekubalije nikasimame mbele ya mkutano anaokaa yeye.

Miaka ya sabini ilikuwa bado michanga, na Nyamira yote ilihesabiwa ndani ya Kisii. Siku za kazi mimi na mume wangu tulikaa mjini Kisii, katika chumba cha kupanga. Yeye alikuwa karani, mimi nilikuwa msaidizi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Ijumaa jioni tulipanda nyumbani kwao, juu ya mgongo wa Manga, upande wa Nyamira. Mimi ni mtoto wa Suneka. Baba yangu alikuwa na duka pale sokoni, na nilikua nikisikia Kiswahili cha wapita njia wakiulizia chumvi na mafuta ya taa. Manga kulikuwa kwingine kabisa. Mwaka wa kwanza miguu iliniuma kwa milima, na asubuhi ukungu ulikaa juu ya majani ya chai mpaka ukadhani jua limesahau kuja. Nilikuwa mgeni, na ugeni wa bi harusi hauishi upesi.

Watu wa njia niliwajua kwa macho tu. Masika yaliyotangulia, mvua ilikuwa imekata njia iliyowatoa wote wa upande ule hadi barabarani. Watu walingoja chifu, wakangoja, kisha asubuhi moja wachache wakatoka na majembe. Kufikia mchana wengi walikuwa wameshajiunga, kama tunavyofanya kwenye risaga, jirani anapoita majirani kulima shamba lake akawapikia. Njia ikaisha. Lakini Jumapili iliyofuata watu wakarudi palepale, bila jembe wala kazi, wakakaa kwenye majani wakizungumza. Na Jumapili iliyofuata tena. Siku hiyo ndiyo iliyowafaa, maana Wasabato walikuwa wameshasali jana yake, na Wakatoliki walikuwa wamerudi kanisani kufikia adhuhuri.

Hawakuwa na mwenyekiti, na hawakutaka. Miaka ya mwanzo ya uhuru walikuwa na kamati ya kujenga shule, yenye mwenyekiti, makamu, katibu na wengine wengi. Hakuna aliyeiba chochote. Mwenyekiti alihamia Bonde la Ufa kutafuta ardhi, makamu akasema hawezi kuamua bila mwenyekiti, katibu akasema hawezi kuandika kisichoamuliwa, na msingi wa shule ukaota nyasi mpaka ng'ombe wakaufanya malisho yao. Tangu hapo, ukitaja kamati Manga, watu walicheka kwa pua.

Sasa habari ilikuwa imewafikia kwamba serikali inasaidia vikundi vya kujitolea kwa saruji na mafundi, ila kila kikundi kiseme kazi yake ni nini na kinaongozwa vipi. Habari hiyo ilitoka ofisini kwetu. Ndiyo maana waliniita.

Mchana nilishuka na maswali matatu kichwani, kama nilivyofundishwa kwenye kozi. Ninyi ni nani? Mnataka nini? Nani atafanya nini? Walikuwa wamekaa mtelemkoni chini ya njia, wanaume mbele, wanawake nyuma yao wakiwa wamegeuka kidogo, vikapu vya chai vimelazwa pembeni. Nikasimama. Nikaona kofia ya baba mkwe juu ya goti lake. Nikainamisha macho.

Niliyaambia majani maswali yangu. Niliyaambia kwa upole sana, hata panzi aliyekuwa miguuni pangu sidhani alisikia.

"Anasema nini?" akauliza mwanamume mmoja.

Mzee mmoja aliyevaa koti alisimama ili anisaidie. Huyu alikuwa amefanya biashara ya duka mjini Kisii miaka mingi, na sasa amerudi kupumzika. Alivaa koti lile jua likiwaka na mvua ikinyesha. "Binti anauliza shabaha yetu," akasema. "Nami nasema, kwanza tupate kichwa. Mwili bila kichwa ni mzoga. Tuchague mwenyekiti, shabaha ataileta yeye."

Wanaume wakaanza kubishana. Huyu alitaka kituo cha kupimia chai karibu, asivuke bonde na kikapu mgongoni. Yule alitaka zahanati. Mwingine alisema shule imaliziwe, wenzake wakamzomea. Mimi niliangalia nyuma yao. Wanawake walikuwa kimya, wengine wanasuka vikapu, wengine wananyonyesha. Kila mmoja wa wale wake vijana alikuwa na baba mkwe wake pale mbele. Kikundi kilichojisifu kwamba kila mtu ndani yake anaamua, nusu yake ilikuwa imefungwa mdomo kwa heshima, na mimi niliyeitwa kukisaidia nilikuwa nimefungwa pamoja nao.

Aliyetufungua alikuwa bibi kizee, mkongwe kuliko wote upande ule. Tulimwita Magokoro, yaani nyanya, hata wale ambao si nyanya yao. Alikuwa mdogo wa mwili, mpenda tumbako ya kunusa, na kwa kuwa bibi na wajukuu hawana chinsoni kati yao, alitania kila mtu chini ya umri fulani, na umri huo ulikuwa wake mwenyewe. Alipiga chafya, akafuta pua, akacheka.

"Huyu mtoto anaongea na nyasi," akasema. "Mimi si bora kuliko nyasi?"

Akainuka kwa fimbo yake, akaenda akakaa katikati, kati ya wanaume na wanawake, akawaamuru wanaume wageuke watazame bonde. Waligeuka, wengine wakinung'unika. Kisha akaniita nikae mbele yake.

"Sasa unaniambia mimi. Mimi peke yangu. Kama hao wanaotazama bonde wana masikio, hayo ni yao."

Nikamwambia. Mwanzoni nilisema chini chini, kisha nikasahau ni nani anayesikia. Nilimweleza kwamba kikundi kisichojua kinachotaka hufa wakati wa kupanda, maana kila mtu hurudi shambani kwake. Nikamuuliza yeye anataka nini. Akasema anataka meno. Watu wakacheka, na nyuma ya kile kicheko sauti ya kwanza ya mwanamke ikasikika, ikisema, "Magokoro, na mimi nina neno."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Jumapili zilizofuata hakuna aliyehitaji kuambiwa mahali pa kukaa. Wanaume walitazama bonde, Magokoro na mabibi wenzake walikaa katikati, na wake vijana waliongea na mabibi. Mwanamume akitaka kujibu, alijibu kwa bonde, na bibi akarudisha maneno yake nyuma, mara nyingi akiyapunguza ukali, mara nyingine akiyaongeza. Mgeni angepita angedhani tumegombana sote. Mimi nakumbuka sauti zile zikipita juu ya vichwa vyetu, harufu ya udongo mwekundu uliolowa, na uji wa wimbi ukizungushwa kwenye kibuyu, na nasema katika miaka yangu yote ya kazi sijakaa tena katika mkutano uliosikilizana vile.

Mume wangu alikuwa na wasiwasi. Tukiteremka kurudi mjini Jumapili jioni, aliniambia, "Usije ukanigombanisha na baba."

"Baba yako hutazama bonde," nikamjibu. "Mimi sijamwona akikasirika."

"Hujamwona kwa sababu hutazami."

Alisema kweli.

Suala la kichwa ndilo lililotuchukua muda mrefu. Mzee wa koti hakuwa mtu wa tamaa, nataka hilo lieleweke. Alipenda utaratibu. Alikuwa ameendesha duka maisha yake yote na alijua bidhaa isiyo na mwenyewe huliwa na panya. Kila Jumapili aliuliza, "Basi kesho bwana mkubwa wa ofisi akija, atamsalimu nani?" Na kila Jumapili tuliliahirisha. Mimi mwenyewe kozini nilifundishwa kwamba kikundi lazima kiwe na viongozi watatu, na nilianza kuwashawishi kuelekea huko. Nilidhani hiyo ndiyo busara.

Aliyetugeuza alikuwa mke wa mwana wa huyo mzee wa koti, msichana mwembamba aliyeolewa mwaka mmoja baada yangu, ambaye alikaa kule chini karibu na chemchemi. Alikuwa hajawahi kusema kitu. Siku hiyo, mtoto mgongoni, akamwambia Magokoro, "Kwenye risaga kichwa ni nani?"

"Mwenye shamba," Magokoro akajibu.

"Na wiki inayofuata?"

"Mwenye shamba la wiki inayofuata."

"Na yule wa kwanza?"

"Yuko kwenye mstari na jembe kama wengine."

"Basi," akasema yule msichana. Aliona haya kuendelea.

 Kisha nikasikia sauti ya baba mkwe wangu, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia mkutanoni. Alizungumza polepole, kuelekea bonde. "Tukutane kila Jumapili kwenye ua wa mtu mwingine. Mwenye ua ndiye kichwa siku hiyo. Jua likizama, kichwa kimekwisha."

"Hata kama mwenye ua ni mwanamke?" akauliza mtu.

"Anayepika kwenye risaga ni nani?" akasema baba mkwe. "Huyo anajua nani amefanya kazi na nani amekuja kula."

Nilipanda nyumbani siku hiyo nikiwa nimefurahi kuliko nilivyostahili, maana wazo halikuwa langu.

Lakini bado hatukujua kazi ya kikundi ni nini, na hilo lilikuja na ugomvi. Mwenye kuuleta alikuwa yuleyule msichana. Safari hii mkutano ulikuwa kwenye ua wa jirani yake. Alimwambia Magokoro kwamba maji ya chemchemi yanapungua. Zamani kidogo mtungi ulijaa hata kabla hujamaliza kufungua leso. Sasa wanawake wanapanga foleni, na wengine wanashuka hadi mtoni kwenye maji ya ng'ombe.

"Kwa nini yanapungua?" Magokoro akauliza, ingawa alijua. Sote tulijua.

Msichana aliinamisha kichwa. "Magokoro, nakuambia wewe peke yako. Ni ile mikaratusi."

Mikaratusi iliyozunguka chemchemi ilipandwa na mzee wa koti, kwenye shamba lake, kwa ajili ya nguzo. Mti ule hunywa maji kama mlevi. Mke wa mwana alikuwa amemshtaki baba mkwe wake mbele ya kijiji kizima, ingawa alimwambia bibi tu.

Mzee wa koti alisimama. Akasahau kutazama bonde, akageuka. "Miti yangu kwenye shamba langu," akasema. "Hiki kikundi kimekuja kuamua mambo ya shamba la mtu? Kesho mtaamua nioe nani!"

Watu wakainama. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Nikaona kikundi kinakufa mbele ya macho yangu. Wengine walianza kukusanya vikapu vyao. Mwenye ua, aliyekuwa kichwa cha siku hiyo, alikuwa mwanamume mpole anayechunga mbuzi, na alinitazama mimi. Nilitaka kusimama niseme maneno ya kozini. Badala yake nikamwambia Magokoro jambo moja tu, kwamba mimi ni mtoto wa Suneka, sijawahi kuiona hiyo chemchemi ikiwa imejaa, na naomba nikaione.

"Twendeni basi," akasema mchunga mbuzi.

Tukashuka sote. Njia ilikuwa ya utelezi na Magokoro alibebwa mgongoni na kijana mmoja, akimchapa kwa fimbo kama farasi. Kule chini, wanawake waliokuwa wanateka walishtuka kuona watu wote wale. Mzee wa koti alitangulia. Alichukua debe la mke wa mtu mmoja, akaliweka chini ya jani la mgomba lililoelekeza maji, akangoja. Tulingoja naye. Maji yalikuja kama uzi.  Nakumbuka ndege mmoja akilia na mvua ikianza kudondoka kwenye majani ya ile mikaratusi mizuri, iliyonyooka, ambayo mtu yeyote angejivunia.

Debe halikuwa limefika nusu aliposimama wima. Alikuwa amechoka kuinama.

"Nilipokuwa mvulana," akasema, bila kumwambia mtu hasa, "maji haya yaliruka lile jiwe."

"Yaliruka," akasema baba mkwe wangu, aliyekuwa rika lake. "Tulikuwa tunaoga pale."

Hatukuamua siku hiyo. Mvua ilitufukuza. Lakini Jumapili iliyofuata mzee wa koti alikuja mapema kuliko wote, akakaa mahali pake, akatazama bonde, na akaomba aseme kwanza. Alisema atakata miti iliyo karibu na maji, ile ya juu abaki nayo. Nguzo zitakazopatikana zitumike kujenga daraja kwenye mto, na si za kwake tena. Kisha akataka na yeye apate kitu. Alitaka kikundi kikubali, mbele ya mabibi, kwamba hakitaingia ndani ya ua wa mtu kila kitakapojisikia.

Hapo mazungumzo yakawa matamu. Tulikaa Jumapili mbili nzima kwenye jambo hilo moja. Je, ndoa ni jambo la kikundi? La. Mpaka wa shamba? La, huo ni wa wazee wa ukoo na chifu. Kanisa? Magokoro alisema akisikia mtu anataja kanisa ataondoka. Je, ng'ombe wa mtu anayekula mahindi ya jirani? Watu wakabishana, wakaamua ni jambo la hao wawili, maana haliwafikii wengine. Na maji yanayotoka shambani kwa mtu lakini yananywewa na wote? Hayo, ndiyo. Na njia? Ndiyo. Na ugonjwa wa migomba unaoruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule? Mchunga mbuzi alisema, "Huo hauombi ruhusa kuvuka ua." Mtu mwingine akalirudia, mwingine akalinyoosha, na mwishowe likawa hivi: jambo lisilovuka ua wa mtu si letu, na likivuka likawafikia wengi ni letu sote, na linaamuliwa na wote waliokuja, mwenye ua akiwemo. Nayaandika kwa Kiswahili maneno yaliyosemwa kwa Kigusii, na kwa Kigusii yalikuwa mafupi na yalikuwa na mlio mzuri.

Nilipoyapeleka ofisini, bwana mkubwa wangu alicheka. Alikuwa mtu wa Machakos, mwenye haki na mwenye haraka. "Hii si shabaha," akasema. "Andika mradi wa maji. Na jina la mwenyekiti."

"Njoo uwaone kwanza," nikamwomba.

Alikuja kwa gari la ofisi hadi barabarani, kisha kwa miguu, akitelezateleza na viatu vyake vya mjini. Jumapili hiyo zamu ilikuwa ya ua wa yule msichana mwembamba. Bwana mkubwa alipofika, akawakuta wanaume wote wamempa mgongo, akasimama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mwenyekiti ni nani?" akauliza kwa Kiswahili.

Kiswahili kule kilikuwa cha shuleni na cha sokoni, na wengi walikiogopa. Mzee wa koti alikijua kuliko wote kwa ajili ya biashara yake, na sote tulidhani atasimama. Mimi nilidhani. Hakuinuka, mikono magotini, akitazama bonde. Basi msichana akainuka, akapanga vizuri mtoto mgongoni, akasema, "Mwenyekiti ya leo ni mimi. Ile ingine ya Jumapili ijao ni yule mzee wa pale. Karibu, keti. Uji iko."

Bwana mkubwa alinitazama. Nikatazama chini. Akakaa kwenye majani na suruali yake nzuri, akapokea kibuyu. Alikaa mpaka mvua ilipoanza, na alipoondoka aliniwahi kabla sijasema. "Nitaandika mradi wa maji," akasema, "kwa sababu Nairobi hawatanielewa. Lakini nyinyi endeleeni hivyo hivyo."

Saruji ilikuja. Chemchemi ikajengewa kisima kidogo chenye bomba, na mikaratusi ya chini ikakatwa, na mzee wa koti mwenyewe akashika msumeno upande mmoja. Haikurudi kuruka jiwe. Lakini mtungi ulijaa bila foleni, na baada ya miaka miwili maji yalikuwa mengi kiasi cha watu kusahau kwamba yaliwahi kupungua, na hilo nadhani ndilo jambo jema zaidi linaloweza kuyapata maji. Ilipofika zamu yake ya kuwa kichwa, mzee wa koti alipaka ua wake mavi ya ng'ombe upya, akaazima viti kwa jamaa zake wa kule mbali Masimba, watu wakakataa kuvikalia wakakaa kwenye majani, na yeye akaendesha mkutano kwa saa yake ya mfukoni mpaka Magokoro akalala usingizi.

Sisemi mambo yote yalikwenda sawa. Kuna walioondoka wakisema ni upuuzi kuamua na wanawake. Ugonjwa wa migomba ulitushinda, tuliamua vizuri na bado migomba ikafa. Magokoro alitutoka mwaka mmoja wakati wa kuvuna wimbi, na kwa Jumapili kadhaa hakuna aliyejua pa kutazama wala wa kumwambia neno, mpaka mabibi wengine wakajikaza wakakaa pale katikati.

Kisha mume wangu akahamishiwa Nakuru, nami nikaomba kuhamia huko. Jumapili yetu ya mwisho nilishuka kuwaaga. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikaa nyuma na wanawake, mwanangu wa kwanza mapajani, nikingoja nafasi. Siku hiyo walikuwa wanabishana juu ya daraja, kama lijengwe pale kivukoni pa zamani ambapo mto ni mpana, au juu kidogo penye mawe ambapo njia ni ndefu. Watu walisimama, wakaketi, wakachora kwa vijiti ardhini. Baba mkwe alisema kivukoni. Mama mkwe, kupitia kwa bibi mmoja, alisema penye mawe, na vicheko vikazuka, maana wote walijua wamelala nyumba moja bila kupatana. Yule msichana, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili, aliongea kirefu bila kuinamisha kichwa. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi ndiye mtu wa maendeleo, wala kwamba naondoka.

Mume wangu alikuja akanigusa bega. Basi la mchana halingojei mtu. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikainuka taratibu nisiwakatize, nikapanda njia kuelekea barabarani. Mpaka kwenye kona ya juu bado nilisikia sauti zao, wengine wakisema mawe, wengine wakisema kivukoni. Miezi kadhaa baadaye mama mkwe alituma salamu Nakuru kwamba daraja limejengwa penye mawe, na kwamba mzee analipita kila siku akilalamika ni mbali.